Desemba hii dawa zimezwe sebuleni

(Maneno haya niliyasema hapa Moshi tarehe 1 Desemba, Siku ya UKIMWI Duniani. Nimeyaandika vile vile nilivyoongea, ila sehemu mbili tatu nimeongezea maana pale uwanjani muda ulibana.)

Shikamooni wazee wangu. Bwana Yesu asifiwe, asalaam aleikum, na wale wa huku juu shimbonyi. Mheshimiwa diwani, mwenyekiti wetu wa mtaa, mama zangu wa vikoba, vijana wa bodaboda naona mmezima pikipiki ili tusikilizane asanteni sana, wauguzi wetu, wanafunzi, karibuni wote. Mimi ni WAVIU mshauri. Kwa asiyejua, ni mtu ninayeishi na VVU mwenyewe, na kazi yangu ni kukaa pale kliniki ya CTC, yaani ya huduma na matibabu kwa wenye VVU, nawapokea wanaoanza dawa, nawapa moyo, naongea nao mpaka woga upungue, alafu wale watoro ambao tarehe yao imepita nawapigia simu, asipopokea namfuata nyumbani taratibu bila jirani kujua nimekuja kufanya nini. Kwaiyo ninayoyasema leo nayaona kila siku ya Mungu.

Nataka tuongelee huu mwezi tulioanza leo. Sisi watu wa Kilimanjaro Desemba tunaijua, ikifika tarehe ishirini na kitu barabara ya kutoka Dar inajaa, watu wanapanda Rombo, Marangu, Machame, Kibosho, Old Moshi, kila mtu anaenda kuhesabiwa kwao. Nyumba ya babu ina vyumba vinne wamelala watu wa familia tano, watoto wametandikiwa magodoro sebuleni, bafu moja foleni, jikoni mama wakubwa wanamenya ndizi, nje mbuzi anachunwa. Ni raha kubwa na mimi naipenda sana. Lakini ikifika Januari pale kliniki tunaona kitu kingine. Mtu anakuja na kopo lake la dawa, tukihesabu vidonge vimebaki vingi kuliko vinavyotakiwa kubaki, unamuuliza kwa upole mpendwa imekuaje, anainamisha kichwa anakwambia dada nilikuwa nyumbani, watu wamejaa, ningemezea wapi.

Ningemezea wapi. Mtu yuko kwa mama yake mzazi, nyumba aliyozaliwa, kaburi la babu yake liko pale kwenye kihamba, shamba la ukoo, na hana mahali pa kumezea kidonge kimoja. Hilo ndo lililonileta mbele yenu.

Naomba niwaonyeshe kitu. Hili ni kopo langu. Naomba tunyamaze kidogo nilitikise. Mmesikia? Huo mlio ka-ka-ka kila mtu wa CTC anaujua, na unamtesa kuliko mnavyofikiri. Ukikaa nje ya dirisha la dawa siku ya kliniki utaona watu wanavyofanya, mama akishapewa makopo yake anasogea pembeni anaanza kubandua lebo kwa kucha, anaikwangua mpaka inabaki gundi, anakunja vizuri ile karatasi anaitupa kwenye pipa palepale hospitali asiende nayo nyumbani, alafu anatoa pamba kwenye pochi anashindilia ndani ya kopo ili visigongane. Mwingine anamwaga vyote kwenye mfuko wa nailoni, anafunga fundo, anaweka chini ya unga au kwenye viatu. Na zile dawa hazitakiwi kutolewa kwenye kopo lake, unyevu unaziharibu, wauguzi wanasema kila siku na yeye anajua, ila anapima lipi lina hatari zaidi, dawa kuharibika au wifi yake kusikia mlio. Anachagua dawa iharibike. Huo uchaguzi tumemlazimisha sisi.

Na wengine wanakimbia kabisa. Kuna watu wa Moshi wanapanda Coaster mpaka Arusha kuchukua dawa, wapite Boma Ng'ombe, Usa River, wafike huko wapange foleni na watu wasiowajua, na wa Arusha nao wanakuja huku kwetu. Tunapishana njiani pale uwanja wa ndege wa KIA. Dawa yenyewe ni bure, tangu 2004 nchi hii inatoa ARV bila malipo, lakini huyu mtu analipa nauli kwenda na kurudi na siku ya kazi imekufa, kwasababu kituo kilichopo mtaani kwake kina jirani yake anayefanya usafi pale. Siku nauli ikikosekana ndo mwanzo wa utoro. Nikifuatilia watoro, wengi ninaowakuta shida yao sio ubishi, wamechoka kujificha.

Sasa wapo wanaosema, dada wewe unatetea tu, sisi tunaogopa kuambukizwa. Sawa, woga ni wa kibinadamu, tuongee.

Dawa tunayotumia wengi sasa hivi ni kidonge kimoja kwa siku, ndani yake kuna dawa tatu, tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Hapa Tanzania tulianza kuhamishiwa hii 2019. Ukimeza kila siku virusi vinazuiwa kuzaliana, vinapungua, vinapungua, kwa wengi ndani ya miezi 6 hivi kipimo cha wingi wa virusi kinakuwa hakivioni tena. Havijaisha mwilini, vimejificha, ndo maana hatuachi dawa hata ukijisikia mzima kama simba. Ila vikifika hapo chini haviambukizi kwa njia ya kujamiiana. Narudia kwa sababu hili hata baadhi ya ndugu zetu wasomi wanalikataa: haviambukizi kwa kujamiiana. Kuna utafiti ulifanyika nchi 14 za Ulaya ukatoka 2016, walifuatilia wapenzi ambao mmoja ana VVU yuko kwenye dawa na kipimo chake kiko chini ya nakala 200 za virusi kwa mililita ya damu, mwenzie hana, na hawatumii kondomu. Jozi 888, tendo lenyewe karibu mara 58,000. Waliopata virusi kutoka kwa mwenza wao huyo aliye kwenye dawa ni sifuri. Kondomu bado tunazihitaji, kuna magonjwa mengine ya zinaa na kuna mimba, lakini habari ya VVU kwa mtu anayemeza vizuri na kipimo kinaonyesha hivo ndo iko hivyo.

Sasa nifikirieni. Mtu ambaye analala na mume wake miaka na mikaka bila kumuambukiza, wewe shemeji yake unamtengea kikombe.

Na hapa niongelee kata ya mbege, kile kibuyu cha kunywea pombe yetu ya ndizi, maana najua ndo maswali yanapoishia. Krismasi kata inazunguka, mzee anaonja anampa wa pembeni, inapita mkono kwa mkono. Nimeshaingia nyumba moja kufuatilia mtu, sitasema wapi, nikakuta juu ya kabati kuna kikombe cha plastiki chekundu kimefunikwa na kisosi, kiko peke yake, vikombe vingine vyote vya bati vimepangwa chini. Sikuuliza, nilielewa. Yule kaka anakunywa na wenzie kwenye benchi moja ila kata ikifika kwake inarukwa, yeye anamiminiwa kwenye kile chekundu, mbele ya watoto wa kaka zake. Na hakuna aliyemtukana, wote wanamwita jina lake vizuri, wanacheka utani wake. Ila kile kikombe kinaongea siku nzima. Aliniambia kitu kimoja tu, kwamba watoto sikuhizi wakimuona na kikombe hicho hawamsogelei mapajani. Alirudi Dar siku ya pili ya Krismasi, na mwaka uliofuata hakupanda.

VVU haviambukizwi kwa kata, kikombe, sahani, choo, kupeana mkono, kukumbatiana wala kulala godoro moja. Vinapita kwenye damu, majimaji ya uke na uume, njia ya haja kubwa wakati wa kujamiiana, maziwa ya mama, na wakati wa mimba na kujifungua. Mate hayaambukizi. Na kila nikisema mate hayaambukizi kuna kijana ananyoosha mkono, dada mbona kile kipimo cha kujipima tunapitisha kwenye fizi, si maana yake virusi viko mdomoni? Swali zuri sana na linastahili jibu. Kile kijiti hakitafuti virusi, kinatafuta kingamwili, wale askari ambao mwili unawatengeneza ukishakutana na virusi, na askari hao wanapatikana pia kwenye majimaji ya fizi. Kwaiyo kipimo kinaona nyayo za askari, mwizi mwenyewe hayupo pale wa kukuambukiza. Ukijipima ukaona mistari miwili bado hujapata majibu ya mwisho, unakuja kituoni wanathibitisha.

Mama zangu, niongee na nyinyi peke yenu kidogo. Mnajua mzazi kwetu anavyotunzwa, anakaa ndani, mtori, kisusio, maziwa, mama mkwe ndo anasimamia kila kitu. Sasa binti amejifungua, yeye ana VVU na yuko kwenye dawa, mtoto amepewa dawa ya maji ya nevirapine wiki 6 za mwanzo ili akingwe. Binti anampa mtoto ile dawa saa ngapi na mama mkwe hatoki chumbani? Nimewakuta mabinti wanasubiri mkwe aende kukata majani ya ng'ombe, siku mvua inanyesha mkwe haendi, mtoto anaikosa. Bila kinga yoyote watoto 15 mpaka 45 kati ya 100 wanaozaliwa na mama mwenye virusi wanaweza kuambukizwa, mama akimeza vizuri na mtoto akapata yake tunashuka chini ya 5, na ananyonya kama watoto wengine. Mjukuu wako anaweza kuzaliwa salama kabisa, anachohitaji ni bibi ambaye binti hamuogopi. Ukiona kichupa usiulize kwa sauti mbele ya wageni. Ukishindwa kunyamaza basi muulize taratibu mkiwa wawili, mwanangu hii dawa inatolewa saa ngapi, nikukumbushe? Sentensi hiyo moja ina kazi kubwa sana.

Na hawa wanafunzi. Mkoa wetu umejaa shule za bweni, na kuna watoto kwenye hizo shule walizaliwa na virusi, wengine wazazi hawajawaambia wanameza nini, wanadanganywa ni dawa ya kifua mpaka wanafika kidato cha pili wanasoma wenyewe kwenye kitabu cha baiolojia. Mtoto anameza chooni usiku, tranka lake likikaguliwa moyo unaruka. Mwaka fulani shule moja mwalimu alitangaza mstarini kwamba wanafunzi fulani wasichelewe kwenda kuchukua dawa zao, akawataja. Nafikiri alidhani anasaidia. Msichana mmoja aliacha dawa muhula mzima, na mimi ndo nilitumwa kwenda kuongea nae amekonda, ana vidonda mdomoni. Alipona, yuko salama, ameshamaliza shule. Ila walimu naombeni, siri ya mtoto ikae kwenye mdomo wa matroni mmoja anayeaminika basi, inatosha.

Wazee wangu mliopo hapa mnakumbuka tulikotoka. Wagonjwa watatu wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera 1983, kufika 1986 kila mkoa wa Bara ulishakuwa na wagonjwa. Hakukuwa na dawa. Huku kwetu mwaka 1990 wanawake wa Moshi wakaanzisha KIWAKKUKI, wanawake wa Kilimanjaro wanaopambana na UKIMWI, wakawa wanaingia majumbani kuwaogesha wagonjwa ambao ndugu zao wenyewe hawawagusi, wanabeba uji, wanakaa na yatima. Mimi nawaheshimu wale mama kuliko ninavyoweza kusema hapa. Waligusa watu kipindi ambacho kugusa kulihitaji imani kweli kweli. Leo tuna dawa, tuna vipimo, na tangu 2016 ukikutwa na virusi unaanzishiwa dawa bila kusubiri kinga ishuke, alafu tunashindwa kupeana kata?

Najua pia woga wa wengi ulizaliwa kipindi kile, na hata dawa za mwanzo zilituumbua. Kulikuwa na moja inaitwa stavudine, ilikuwa inakula mafuta ya mashavuni, mtu anameza anapona ila uso unamtangaza sokoni. Haitumiki tena. Sasa hivi huwezi kumjua mtu kwa macho, na wale mnaokaa sokoni Mbuyuni au Kiboriloni mnasema huyu kanenepa hana, huyu kakonda kakanyaga waya, mnakosea pande zote mbili, na kila neno hilo kuna mtu amesimama pembeni anapima nguo ana kopo kwenye mkoba, anasikia.

Nitaje namba kidogo, kwa sababu zinanipa moyo na zinaniumiza kwa pamoja. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wa miaka 15 na kuendelea wana VVU. Kati ya hao wanaojua hali zao ni asilimia 82.7. Waliojua, walio kwenye dawa ni asilimia 97.9. Walio kwenye dawa, ambao virusi vyao vimefubaa ni asilimia 94.3. Mmeona ilipo shida? Mtu akishapita mlango wa kliniki anafanya vizuri, tunapopoteza watu ni kabla ya mlango, zaidi ya watu 17 kati ya 100 wenye virusi hawajui. Na ukiwauliza kwanini hujapima, hasa wanaume, hawakwambii wanaogopa kufa, wanakwambia nikionekana pale je. Wanaogopa macho yetu.

Sheria ipo upande wao, mjue. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inakataza kumnyanyapaa na kumbagua mtu mwenye VVU, na majibu yako ni siri. Mwaka 2019 ikarekebishwa, ikaruhusu kujipima mwenyewe na umri wa kupima bila ruhusa ya mzazi ukashuka kutoka 18 mpaka 15. Kwaiyo wadogo zangu wa sekondari hema lile la kupima ni lenu pia. Na yeyote akikutana na hatari, kabakwa, kachomwa na sindano, kondomu imepasuka, kuna dawa ya kukinga, unaiwahi ndani ya saa 72 na mapema zaidi ndo bora, unameza siku 28. Usikae nyumbani unalia, kimbia hospitali.

Lakini polisi hawezi kukaa sebuleni kwa babu Desemba yote. Kwaiyo naomba nyinyi. Mwenye nyumba, baba, mama, kaka mkubwa mnayepokea wageni mwaka huu: kabla watu hawajafika tafuta muda kwenye lile grupu la WhatsApp la ukoo, katikati ya michango ya ng'ombe, andika tu kwamba nyumba yetu mwenye dawa yoyote ya kila siku, ya presha, ya sukari, ya VVU, ameze wazi na maji yapo mezani. Usimtaje mtu. Usimuulize mtu. Anayehusika atajua ameambiwa yeye. Na usiku akitoa kopo likalia ka-ka-ka watu waendelee na stori zao, mtoto akiuliza ile nini anajibiwa ni dawa ya shangazi, basi, kama anavyojibiwa ya bibi ya presha.

Na wewe mwenzangu unayemeza, silazimishi mtu kujitangaza, kujitangaza ni hiari yako na sio lazima kila mtu ajue. Tafuta mmoja. Kwenye nyumba yenye watu wengi mmoja anayejua anatosha, akuletee maji, akuulize umemeza. Kama unasafiri njoo uchukue dawa kabla, mwenye kipimo kizuri anaweza kupewa za miezi kadhaa, sema mapema usisubiri tarehe 23. Ukifika huko zikakuishia au mkoba ukapotea, nenda kituo chochote chenye CTC ueleze, na kama una kadi yako onyesha, utasaidiwa. Ukisahau saa yako meza ukikumbuka, usiruke siku.

Nimeongea sana, muuguzi ananionyesha saa. Hema la kupima ni lile la bluu nyuma ya jukwaa, majibu unapata hapo hapo nusu saa haifiki, vipimo vya kujipima vipo pia kwa anayetaka kwenda navyo nyumbani. Mkija wawili na mwenzi wako mnapokelewa pamoja. Na kama una ndugu anakuja mwezi huu, unajua hali yake na hujui umpokeeje, njoo unione, nimekaa kwenye kile kiti pembeni ya hema, siondoki mpaka wa mwisho aishe. Asanteni sana, aika.